Kifuko cha maji kwenye ubongo: kuamua kama picha irudiwe, lini, na kwa kipimo gani

Mtu ameanguka na bodaboda Kijenge, Arusha, au kichwa kimemsumbua wiki tatu mfululizo, akapigwa picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta. Fuvu halijavunjika, damu haijavuja, lakini mwisho wa ripoti daktari wa radiolojia ameandika kwamba ameona kifuko chenye maji. Akifika nyumbani, neno linalobaki midomoni mwa ndugu ni uvimbe. Kiswahili chetu hutumia neno hilohilo kwa jipu, kwa saratani na kwa kifuko cha maji, na hofu huanzia hapo. Hofu hiyo huwafanya wengine warudie picha kila baada ya miezi mitatu mpaka mifugo inauzwa, na wengine wasirudi kabisa hata pale walipopaswa kurudi.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia uingie chumbani kwake na maswali yanayohitajika. Kanuni inayoshika yote ni hii: picha ya pili ina faida ikiwa jibu lake linaweza kubadilisha matibabu, na ikiwa ipo picha ya kwanza ya kuilinganisha nayo. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, fedha zinaenda na swali linabaki palepale.

Kabla ya yote: dalili zisizongoja tarehe

Ukiona mojawapo ya haya, sahau tarehe ya kliniki na uende hospitali siku hiyohiyo, idara ya dharura:

- kichwa kinachouma zaidi alfajiri ukiamka, pamoja na kutapika
- usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu
- kuona vitu viwili viwili, au macho kushindwa kutazama juu
- degedege au kifafa kwa mara ya kwanza
- mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au kuyumba unapotembea
- kwa mtoto mchanga: utosi uliojaa na kukaza, macho yanayotazama chini muda wote, kukataa kunyonya, kichwa kinachokua haraka

Kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu na kufuatiwa na kuzimia ni hatari ya pekee kwa mtu aliyeambiwa ana kifuko katikati ya ubongo, kwenye njia za maji. Usimpe dawa ya maumivu ukangoja kukuche.

Hatua ya 1: Jua kifuko ni cha aina gani

Watu wengi huuliza kwanza "ni kikubwa kiasi gani?" Swali la kwanza liwe "ni cha aina gani, na kiko wapi?" Kifuko cha sentimita 4 pembeni mwa ubongo kinaweza kukaa na mtu maisha yake yote bila kumdhuru, na kifuko cha sentimita 1 mahali pabaya kikaziba njia ya maji ndani ya saa chache.

*Kifuko cha araknoidi* ndicho kinachokutwa mara nyingi kwa bahati. Ubongo umefunikwa na tabaka tatu za utando, na ya katikati ni nyembamba kama utando wa buibui. Madaktari huiita araknoidi. Kwa watu wengine tabaka hiyo hugawanyika tangu tumboni mwa mama na kuacha mfuko unaojaa maji yaleyale yanayozunguka ubongo. Karibu nusu ya vifuko hivi hukaa upande wa sikio, chini ya fupa la panja. Kwa mtu mzima asiye na dalili, kukua kwake ni jambo la nadra sana. Watoto wadogo ndio wa kuangaliwa kwa karibu, hasa walio chini ya miaka 4 au 5.

*Kifuko cha tezi ya pineali* kiko katikati ya ubongo kwa nyuma. Vingi havifiki sentimita 1 na havina neno. Kikizidi hapo, au ukuta wake ukiwa mnene, au kikiwa na kinundu ndani, kinastahili kutazamwa tena.

*Kifuko cha koloidi* ndicho cha kuchukuliwa kwa uzito. Hukaa kwenye chemba ya tatu ya ubongo, penye tundu ambalo maji hupitia. Kikifika milimita 7 au zaidi, au chemba za maji zikiwa zimetanuka, au mtu akiwa na dalili, mazungumzo si ya tarehe ya picha tena bali ya upasuaji. Hata kikiwa kidogo, mwenye nacho awe chini ya daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, si kliniki ya kawaida peke yake.

Kuna pia vijishimo vya maji kandokando ya mishipa ya damu, na vifuko vidogo vya ufa wa koroidi, ulio ndani ya ubongo. Daktari wa radiolojia huvitaja kwa sababu ni kazi yake kutaja anachokiona. Havirudiwi picha.

Kwa upande wetu huu wa kaskazini mwa Tanzania kuna aina moja ambayo haipaswi kusahaulika: vifuko vya lava (mtoto wa mnyoo) wa tegu wa nguruwe. Ugonjwa huu unajulikana vizuri Mbulu na maeneo mengine ya Manyara, na wagonjwa wa huko hufika Arusha na hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa kawaida kifuko ni kidogo, milimita 5 hadi 20, na ndani yake huonekana kidoa kimoja, ambacho ni kichwa cha lava. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kifafa. Wengi hudhani unaletwa na kula kitimoto. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Lava wa ubongoni anatokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata, na hakuna sababu ya kumwonea haya aliye nao. Huu ni ugonjwa wa kutibiwa, na ratiba yake ya picha ni tofauti na ya vifuko vingine vyote, kama utakavyoona chini. Usinunue albendazole au praziquantel, ile dawa ya kichocho, ukajitibu ubongo mwenyewe. Lava wakifa kwa mkupuo ubongo huvimba, na ndiyo maana hospitali hutoa dawa hizo pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe, baada ya kukagua macho. Na kama tayari umeambiwa una vifuko hivi, mwambie mhudumu kabla ya kumeza dawa za kichocho zinazogawiwa kwa umma.

Mfugaji anayeishi na mbwa wengi amwambie daktari hivyo. Minyoo ya mbwa nayo hutengeneza mifuko ya maji, mara nyingi kwenye ini na mapafu, mara chache kwenye ubongo.

Je, ripoti yako haitaji aina? Basi kipimo kinachofuata si cha "kufuatilia", ni cha kukipa kifuko jina, na kisingoje mwaka. Hali hii ni ya kawaida pale picha ya kwanza ilipokuwa CT. Kwenye CT, kifuko cha araknoidi na kifuko cha epidemoidi, ambacho hukua polepole na kujipenyeza kati ya mishipa ya fahamu, vinaweza kufanana kabisa. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huvitenganisha kwa aina zake za picha ziitwazo T2, FLAIR na DWI: maji halisi huwa meupe kwenye T2, meusi kwenye FLAIR, na hayang'ai kwenye DWI. Epidemoidi hung'aa kwenye DWI.

Hatua ya 2: Je, dalili zako zinatoka kwenye kifuko?

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa mgonjwa na hata kwa tabibu. Mtu ana kichwa kinachouma, picha imeonyesha kifuko, basi kifuko kinabebeshwa lawama. Lakini kipandauso, shinikizo la damu, macho yanayohitaji miwani, na dawa za maumivu zinazomezwa kila siku husababisha maumivu ya kichwa mara nyingi kuliko kifuko.

Andika kwa wiki mbili, kwenye daftari au simu: kichwa kimeanza saa ngapi, upande gani, kilidumu muda gani, ulikuwa umelala au umesimama, ulitapika, ulimeza nini. Pimwa presha na macho. Kisha mwulize daktari: "Mahali kifuko kilipo, kinaweza kuleta dalili hizi?" Kifuko cha upande wa kulia hakielezi udhaifu wa mkono wa kulia, kwa kuwa kila upande wa ubongo huendesha upande wa pili wa mwili. Jibu likiwa hapana, kurudia picha hakutakuponya kichwa, na fedha hizo ni bora zitibu kipandauso.

Hatua ya 3: Chagua kipimo

MRI ndiyo ya kufuatilia. Haina mionzi na inaonyesha ukuta na maji ya kifuko kwa undani. CT ni ya dharura: umeanguka, umezimia, damu inahofiwa, au MRI haipatikani. CT moja ya kichwa ina mionzi ya takriban milisivati 2, karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa miezi kadhaa. Kwa mtu mzima, moja si tatizo. Kwa mtoto anayetarajiwa kurudiwa picha mara nyingi, kila CT isiyo ya lazima iepukwe.

Mtoto ambaye utosi bado haujafunga, kwa kawaida kabla ya miezi 12 hadi 18, anaweza kupimwa kwa ultrasaundi kupitia utosi. Ni rahisi, haina mionzi wala dawa ya usingizi. Na kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine: utepe. Zungusha utepe usiovutika juu ya nyusi, juu ya masikio, na kupitia sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa kwenye kadi ya kliniki pamoja na tarehe. Miezi 3 ya kwanza kichwa hukua karibu sentimita 2 kwa mwezi, kati ya miezi 3 na 6 sentimita 1, na kutoka hapo hadi mwaka nusu sentimita. Kikikimbia kuliko hivyo, usingoje tarehe ya picha.

Dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani huhitajika pale aina ya kifuko haijajulikana, au ukuta una shaka, au maambukizi yanadhaniwa. Kwa kufuatilia kifuko cha kawaida cha maji haihitajiki. Uliza kabla ya kuilipia. Ikihitajika, sema kama una ugonjwa wa figo au uliwahi kudhurika na dawa hiyo.

Hatua ya 4: Panga tarehe

Wataalamu hawakubaliani neno kwa neno, lakini ratiba hizi ni za busara, na daktari wako anaweza kuzirekebisha kwa sababu atakayokueleza:

- Araknoidi, mtu mzima, hana dalili, MRI imethibitisha: hakuna haja ya kurudia. Kikiwa kikubwa au kinasukuma ubongo, MRI moja baada ya miezi 6 hadi 12.
- Araknoidi, mtoto mdogo: miezi 6 hadi 12, kisha kila mwaka mpaka avuke miaka 5, na kipimo cha utepe katikati.
- Pineali chini ya sentimita 1, ya kawaida: hairudiwi. Kuanzia sentimita 1 au yenye shaka: MRI moja baada ya miezi 12.
- Koloidi ndogo isiyo na dalili: MRI baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila mwaka, chini ya bingwa wa upasuaji wa ubongo.
- Lava wa tegu wanaotibiwa: MRI angalau kila miezi 6 mpaka vifuko viishe. Dawa za kifafa zisiachwe kwa sababu tu picha imekuwa safi.

Tarehe hizi hazihusu kifuko chenye nyama ndani, chenye ukuta mnene unaong'aa baada ya dawa, au chenye ubongo uliovimba kukizunguka. Hicho kinahitaji bingwa sasa, na kikiambatana na homa huenda ni jipu.

Hatua ya 5: Hakikisha picha mbili zinalinganishika

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, nasi tunaisisitiza kuliko zote.

Chukua kifuko cha sentimita 3 kwa 2.5 kwa 2. Ujazo wake hukadiriwa kwa kuzidisha namba hizo tatu na kugawa kwa 2: mililita 7.5. Mwaka unaofuata mpimaji mwingine anaweka alama zake milimita 2 zaidi kwa kila kipimo, yaani 3.2 kwa 2.7 kwa 2.2. Ujazo unakuwa mililita 9.5. Kwenye karatasi kifuko kimeongezeka kwa zaidi ya robo, ilhali ni kilekile. Tofauti ya milimita 1 au 2 iko ndani ya makosa ya upimaji, hasa kama picha moja ilikatwa vipande vya milimita 5 na nyingine vya milimita 1, au kichwa kiliinamishwa tofauti. Watu wameingia kwenye mazungumzo ya upasuaji kwa tofauti ya namna hii.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Siku unapopigwa picha ya kwanza, omba CD au faili kwenye flashi, si filamu tu. Ripoti ya karatasi bila picha haitoshi. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp inafaa kuomba ushauri wa haraka. Haifai kupima kitu.
2. Nakili CD ndani ya wiki. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwa ndugu mwenye kompyuta. CD hukwaruzika. Filamu nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa joto, na joto ndilo linaloziharibu: ukiiacha juu ya dashibodi ya gari au chini ya bati kali, hubadilika kuwa nyeusi na haisomeki. Itunze ndani ya bahasha, mahali pakavu penye kivuli.
3. Rudia kwenye mashine ileile ikiwezekana. Kama haiwezekani, omba aina zilezile za picha: T1, T2, FLAIR na DWI.
4. Mkabidhi daktari wa radiolojia CD ya zamani kabla hajaandika ripoti. Mwombe alinganishe na picha *ya kwanza kabisa*, si ya mwaka jana pekee. Kifuko kinachokua milimita moja kwa mwaka kitaonekana hakijabadilika kila mwaka, na kwa miaka 6 kimekua milimita 6.
5. Ripoti mpya ikikosa tarehe ya picha iliyolinganishwa, irudishe kwa upole uombe iongezwe.

Hatua ya 6: Rufaa, foleni na siku yenyewe

Kwa mkoa wa Arusha, njia ya kawaida ni kupitia hospitali ya wilaya hadi Mount Meru. Kwa Kilimanjaro, hadi Mawenzi. KCMC iliyopo Moshi ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Kesi za upasuaji mgumu wa ubongo huweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Anza kushughulikia rufaa mwezi mmoja kabla ya tarehe. Kama una bima, uliza dirishani kama kipimo kinahitaji kibali na nani anakiomba, maana kibali kisichokamilika ndicho humrudisha mtu nyumbani kutoka getini.

Kama unatoka mbali, Loliondo, Mbulu au Same, piga simu asubuhi ya kuamkia safari. Uliza maswali matatu: mashine inafanya kazi leo? Mtaalamu wa kusoma yupo, au majibu ni baada ya siku ngapi? CD zinatolewa?

Chumba cha MRI ni sumaku yenye nguvu wakati wote, hata mashine ikiwa kimya. Vua kila chenye chuma: hereni, bangili, shanga zilizotungwa kwa waya, mkanda, vibanio vya nywele, wigi lenye klipu, rasta zenye uzi wa metali. Ndugu anayeingia kukushika mkono naye avue. Sema mapema kama una kifaa cha moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kipande cha risasi, au uliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni ukichomelea. Vyuma vya kuunga mifupa mara nyingi si kizuizi, ila vitajwe. Mjamzito aseme pia.

Kipimo huchukua dakika 20 hadi 40, kwa mlio mkubwa. Omba vizibo vya masikio. Ukitikisika picha hufifia, nayo haitalinganishika. Mtoto asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi, na hapo mfungo ni lazima kabla ya kipimo: chakula na maziwa ya kopo kwa muda wa saa 6, maziwa ya mama kwa saa 4, maji matupu kwa saa 2. Mzazi anayemlisha uji kidogo kwa huruma anaweza kusababisha chakula kurudi na kuingia mapafuni, au kipimo kuahirishwa. Vumilia kilio cha mtoto asubuhi hiyo.

Hatua ya 7: Amua mapema lini mtaacha

Siku mnayopanga picha ya pili, mwombe daktari aandike kwenye faili majibu mawili: kifuko kikiwa kilekile tutafanya nini, na kikikua tutafanya nini. Kama majibu yote mawili ni "tutaendelea kuangalia tu", mwulize picha hiyo ni ya nini.

Kukua kunakohesabika ni kule kunakoonekana kwa vipimo vyote, kunakozidi milimita chache, au kunakoambatana na chemba za maji kutanuka. Kukua bila dalili kunaleta miadi na bingwa. Hakuleti upasuaji moja kwa moja. Na kwa kifuko cha araknoidi cha mtu mzima au cha pineali, picha mbili zinazofanana kwa nafasi ya mwaka, bila dalili, zinatosha. Omba iandikwe kwamba ufuatiliaji umefungwa na utarudi ukiona dalili.

Mwenye kifuko cha araknoidi avae kofia ngumu kila anapopanda bodaboda, hata ya dakika tano. Pigo la kichwa kwake lina uwezekano mdogo, lakini wa kweli, wa kuvujisha damu taratibu kandokando ya kifuko. Akigongwa, kisha kichwa kikawa kinazidi kuuma siku hadi siku au wiki hadi wiki, anahitaji CT hata kama ufuatiliaji ulifungwa miaka mingi iliyopita. Siku hiyo ile CD ya kwanza itahitajika tena, kwa hiyo isitupwe.